Katibu wa Ndondi Aliyefumba Macho

Shangazi yangu ndiye aliyeniambia, tukitoka ibadani, kwamba kuna chama mjini kinatafuta katibu. Nilikuwa msichana aliyetoka Kitui juzi na cheti cha uhazili, na katika Nairobi hii mtu akikutajia chama unajua moja kwa moja ni akina mama wanaochangishana na kununuliana masufuria. Nikavaa sketi yangu ya kanisani, nikanunua daftari jipya la hesabu, nikapanda ngazi hadi ghorofa ya nne ya jumba moja kuukuu katikati ya mji. Nilipofungua mlango nikakuta wanaume wamepanga foleni wakiwa na chupi tu. Mmoja aliniamkia kwa adabu kabisa.

"Habari ya asubuhi, madam. Foleni inaanzia huku nyuma."

Nilifunga mlango nikasimama kwenye ngazi nikimkemea Shetani. Sikuwa nimefika mbali na hiyo sala mlango ulipofunguliwa tena, akatokea mzee mwembamba mwenye kanzu na kofia ya kushonwa kwa mkono, kipenga kimening'inia kifuani.

"Wewe ndiye katibu?" akauliza.

"Mimi natafuta chama."

"Ndicho hiki. Chama cha ndondi. Ingia, mwanangu, hawa hawamuumi mtu. Wanaumizana wao kwa wao."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi niliyostaafu mwezi uliopita. Nyinyi vijana mliobaki katika ofisi ile mmenisumbua niwaandikie jinsi mambo yalivyokuwa, nami nimekubali kwa sharti kwamba msitarajie ushujaa. Habari za vyeo na mshahara nitaziruka. Vyeo vilikuwa viwili tu, na mshahara tangu mwanzo hadi mwisho ulikuwa wa uzito wa unyoya.

Mzee yule wa kipenga aliitwa Bwana Salim. Alikuwa mtu wa Mombasa, mwenye duka la manukato na udi mjini, karibu na msikiti, lakini ukimtafuta dukani humwoni. Alikuwa ofisini kwetu akibishana na mizani. Chama chetu kilisimamia ndondi za ridhaa upande wote wa magharibi mwa jiji, kuanzia Parklands hadi Dagoretti, na yeye ndiye aliyekuwa mpiga kengele, mkaguzi wa glovu, na mwalimu wa kila mtu. Alikuwa pia bahili wa sukari na mwenye majivuno juu ya masharubu yake. Nasema hivi msije mkadhani nilifundishwa na malaika.

Mizani aliyobishana nayo ilikuwa ya jukwaa, yenye uso wa duara mkubwa kama sinia, mshale mwekundu, na nambari unazoweza kuzisoma ukiwa upande wa pili wa ukumbi. Chama kiliinunua kutoka vichinjio vya Dagoretti, na siku za joto ilitoa harufu ya mafuta ya ng'ombe. Kabla ya kila mashindano Bwana Salim alipandisha juu yake bandali la unga wa mahindi ambalo uzito wake aliujua, akatazama mshale, akakuna masharubu, akaondoa, akapandisha tena. Nilimwuliza kwa nini anarudia.

"Bondia akizidi nusu kilo," akasema, "mwenzake ndiye anayelipa, kwa meno."

Glovu nazo zilikuwa mzigo wangu. Baada ya mashindano zilirudi zimelowa jasho, nami nikazianika kwenye kamba dirishani, juu ya barabara. Wiki yangu ya pili upepo ulichukua glovu moja ukaiangusha kichwani mwa mwuza njugu. Yule bwana alipanda ngazi zote zile kuileta, akaiweka mezani kwangu, akauliza kama ngumi hiyo inahesabiwa. Nilimpa chai. Sukari niliitia kwa siri, Bwana Salim asione.

Sasa niwaambie siri ambayo nyote mnaijua. Siwezi kutazama mtu akipigwa. Sijawahi kuweza. Nilikuwa katibu wa ndondi miaka yote hiyo, na ngumi nilizoziona kwa macho yangu zinaweza kutosha raundi moja ya watoto. Katika mashindano yangu ya kwanza, kwenye ukumbi wa Dagoretti, nilikalishwa meza ya viongozi, penseli mkononi, niandike alama za waamuzi. Kengele ilipolia nikafumba macho. Nikawa najua nani anashinda kwa kusikiliza kelele zinatoka upande gani. Mambo yalikwenda vizuri hadi tone la damu liliporuka likatua kwenye karatasi yangu, nami nikafanya kosa la kufumbua macho kuona ni kitu gani.

Nilipozinduka nilikuwa sakafuni. Mabondia wawili walikuwa wameacha kupigana, wamejiegemeza kwenye kamba wakinitazama kwa huruma. Bwana Salim alikuwa ameinama juu yangu.

"Nane," akasema. "Umeamka kwenye nane. Vizuri. Unaweza kuendelea?"

Kwa hiyo mimi ndiye kiongozi pekee wa chama hiki aliyewahi kuhesabiwa. Kesho yake niliandika barua ya kujiuzulu, Bwana Salim akaisoma, akasahihisha makosa mawili ya tahajia, akairudisha.

"Ndondi haihitaji katibu mwenye macho," akasema. "Wenye macho wako elfu ukumbini. Inahitaji mtu wa kusema hapana."

Sikumwelewa. Watu wengi hudhani kazi ya chama cha mchezo ni kutoa vikombe na kupigwa picha. Wenyeviti wetu wengi wamedhani hivyo pia, na nimewatumikia kwa uaminifu, nikihakikisha wamesimama katikati ya picha. Lakini ukiacha vikombe, kazi yenyewe karibu yote ni kukataa. Huyu amezidi uzito, hapana. Bandeji hizi zimefungwa ngumu mno, hapana, zifunguliwe. Ulingo huu mbao zake zinacheza, hapana. Refa huyu ni mjomba wa bondia, hapana tena. Mimi nilikuwa msichana niliyelelewa kusema ndiyo kwa kila mtu aliyenizidi umri, na kwa kila aliyenizidi kimo, jambo ambalo katika ndondi lina hatari zake.

Aliyenifundisha maana ya hapana hakuwa Bwana Salim, ingawa yeye ndiye aliyenionyesha. Kulikuwa na bwana mmoja aliyefika ofisini kila wiki, amevaa tai na viatu vilivyong'arishwa. Jina lake lilikuwa Ochieng'.

"Mimi naitwa Ochieng'," alisema mara ya kwanza, akinipa mkono. "Nilikuwa bingwa hapa."

Nikamkaribisha, nikampa chai, tukazungumza juu ya mvua. Akaaga. Alifika kwenye ngazi, akarudi, akanipa mkono. "Mimi naitwa Ochieng'. Nilikuwa bingwa hapa."

Nilicheka. Nilidhani ananitania. Nikamwangalia Bwana Salim ili tucheke pamoja, nikaona hacheki. Alinyanyuka, akamshika bwana yule mkono, akamkaribisha upya kabisa, akamimina chai nyingine, na safari hii akaweka vijiko viwili vya sukari.

Baadaye aliniambia. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimpigia kengele. Aliangushwa Jumamosi moja, hakujua yuko wapi. Jumamosi iliyofuata akapanda tena. Halafu akaangushwa tena. Nani angemkataza? Chama hakikuwa na kanuni siku hizo. Kilikuwa na viti."

Ndipo walipoandika ile kanuni mnayoijua: bondia akipoteza fahamu ulingoni, hapandi tena kwa miezi mitatu, na hata hiyo ikiisha harudi mpaka daktari amempima na kusema ndiyo. Ilikuwa mistari michache tu. Niliipiga chapa tena na tena kila tulipochapisha upya kitabu cha kanuni, nikawa naijua kama sala, na kama sala nyingine nyingi ninazozijua, sikuwahi kudhani nitadaiwa kuifanyia kazi.

Miaka ikapita. Niliolewa na Mutua, mtu wa kwetu, nikazaa, nikanenepa. Vijana wakaacha kuniita madam mdogo wakaniita Mama Katibu. Akaja mwenyekiti mpya, Bwana Karanja, mwuza mabati, mtu mkarimu na mchangamfu, aliyependa ndondi kwa moyo wake wote na kupenda sura yake zaidi kidogo. Na akaja Kevo.

Kevo alikuwa mpakuaji wa kabeji sokoni Kangemi. Mama yake aliuza sukuma wiki hapo hapo sokoni, na baba hakuwepo katika maelezo yao. Alikuwa na mikono mirefu, na kicheko ambacho ukikisikia ngazi za chini unajua ni yeye anapanda. Alipigana kama mtu anayecheza na wadogo zake, anakwepa, anacheka, anagusa, anatoka. Yeye ndiye bondia pekee aliyenifanya nifumbue jicho moja.

Siku aliyoangushwa nilikuwa nimeyafumba yote mawili. Tulikuwa Dagoretti, na mpinzani wake alikuwa kijana wa vichinjioni anayebeba mapaja ya ng'ombe begani kutwa nzima. Nilisikia kelele za kawaida, halafu nikasikia ukumbi mzima umenyamaza. Nikafumbua. Kevo alikuwa amelala chali, mguu mmoja unatetemeka. Daktari Mehta, mama wa Parklands aliyekuwa akitusaidia bila malipo siku zake za mapumziko, alikuwa tayari amepiga magoti karibu naye.

"Unaitwa nani?" akamwuliza alipofumbua macho.

Kevo akamtazama.

"Uko wapi sasa hivi, kijana?"

"Niko soko," akasema Kevo taratibu. "Tunangoja lori. Imechelewa."

Alipelekwa hospitalini Parklands, akalazwa, akaruhusiwa. Daktari Mehta alinipigia simu mwenyewe: kichwa kinamuuma, mwanga unamsumbua, miezi mitatu kamili, na hata baada ya hapo nataka kumwona kwanza. Nikasema ndiyo, daktari. Kusema ndiyo nilikuwa hodari.

Muda huo ulikuwa haujafika nusu zikaja habari kwamba sisi ndio tutakaoandaa mchujo wa kuchagua timu ya taifa, katika ukumbi wa Kangemi, na kwamba timu moja ya askari italeta maafisa wake kutazama. Mnajua maana yake. Bondia akiwapendeza maafande, anaandikwa kazi: mshahara kila mwezi, nyumba, na mama yake anatibiwa. Kwa kijana wa kupakua kabeji hakukuwa na mlango mwingine kama huo. Bwana Karanja akachapisha mabango yenye sura ya Kevo, kubwa kuliko kitu chochote isipokuwa sura ya Bwana Karanja.

"Mwenyekiti," nikamwambia, "Kevo hajamaliza muda."

"Ah, Mama Katibu. Kijana anakimbia kila asubuhi mpaka Uthiru na kurudi. Nimemwona na macho yangu."

"Daktari hajamwona na yake."

"Tutaangalia siku yenyewe," akasema, na mnajua katika chama chetu neno hilo lina maana gani.

Bwana Salim alikuwa Mombasa, amefiwa na dadake. Siku moja kabla ya mchujo niliamua kuugua. Nilijilaza kitandani na kitambaa kichwani, nikamwambia Mutua awapigie aseme siwezi kufika.

"Unaumwa nini?" akauliza.

"Tumbo."

"Tumbo gani? Si umekula ugali mara mbili?"

Nikaacha kuugua. Nikafikiria kuwahi mazishi Kitui, lakini kwa bahati mbaya watu wetu wote walikuwa wazima. Mwishowe nikampigia Bwana Salim, ingawa nilijua yuko msibani.

"Kanuni yasemaje?" akauliza.

"Si unaijua, Bwana Salim."

"Basi simu hii ni ya nini?"

"Naogopa."

Nilisikia watu wakisoma dua nyuma yake. "Ogopa," akasema. "Ni ruhusa. Lakini uogope ukiwa pale mizanini, si kwenu. Haya mwanangu, jeneza latoka."

Asubuhi ya mchujo ukumbi wa Kangemi ulijaa kabla hatujafungua madirisha. Nilikaa kwenye meza yangu kando ya mizani. Maafande watatu walikaa mbele, mikono kwenye magoti. Mabondia walipanga foleni, nikawapima mmoja mmoja, na kila nilipoinua macho nilimwona Kevo anakaribia, amevua shati tayari, mama yake nyuma yake ameshika begi lake kwa mikono miwili kama anayebeba keki. Alikuwa amevaa nguo yake ya Jumapili.

"Niaje, Mama Katibu," akasema Kevo. "Cheki, niko fiti." Akarukaruka mahali pamoja, akacheka kile kicheko.

"Kevo, muda wako haujaisha. Siwezi kukupima."

"Kwani kichwa ni ya nani? Si ni yangu?"

"Kichwa ni chako. Ulingo ni wa chama."

Nilijivunia jibu hilo kwa muda mfupi sana, kwa sababu Bwana Karanja alishafika.

"Mama Katibu, mpime huyu kijana. Maafande wametoka mbali kumwona."

"Mwenyekiti, kanuni..."

"Kanuni tumetunga wenyewe. Tulichokitunga tunaweza kukitungua." Watu wa karibu wakacheka. Akainamisha kichwa, akashusha sauti. "Unataka kumnyima kijana wa maskini kazi? Wewe? Basi toka hapo, nitampima mwenyewe."

Ningependa kuwaandikia kwamba hapo nilimkumbuka yule bingwa wa tai na viatu vinavyong'aa, nikajaa ujasiri. Ukweli ni kwamba sikukumbuka kitu. Nilichoona ni mwenyekiti ananyoosha mkono kumvuta Kevo kwenye mizani, na mizani iko wazi, na hakuna kitu kinachoizuia. Nikanyanyuka nikaipanda mimi.

Mshale ulikwenda. Ulikwenda, ukaendelea kwenda. Sasa kumbukeni ukubwa wa uso wa mizani ile. Uzito wangu nilikuwa nimeuficha tangu mtoto wa pili. Mutua hakuujua. Kliniki nilikuwa nikiwaomba waandike bila kutamka. Na mbele ya foleni alisimama yule kijana wa vichinjioni aliyemwangusha Kevo, ambaye maisha yake yote amezoea kusoma mizani kwa ajili ya karani, naye akausoma kwa sauti, kilo na gramu, kwa heshima, kama anayesoma uzito wa fahali.

Ukumbi ulilipuka. "Mpinzani wake nani?" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. Hata afande mmoja aliziba mdomo.

"Shuka," Bwana Karanja akasema huku amekaza meno. "Unaaibisha chama."

"Sishuki."

"Mama Katibu!"

"Mwenyekiti, kilo zangu zimeshatangazwa. Sina tena cha kupoteza hapa." Sauti yangu ilikuwa inatoka juu kama ya filimbi. "Nitashuka. Lakini mama yake yule pale. Mwambie kwa mdomo wako: mimi Karanja nimemruhusu mwanao apigane kabla daktari hajasema ndiyo. Ukishamwambia, nashuka, umpime."

Bwana Karanja aligeuka akamtazama Mama Kevo. Alifungua mdomo. Halafu akatoa simu mfukoni, ambayo haikuwa imelia, akaiweka sikioni.

"Daktari gani?" akauliza Mama Kevo.

Akamgeukia mwanawe.

"Kevo. Daktari gani? Si uliniambia uliteleza kwa bafu?"

Kevo alitazama miguu yake. Kile kicheko kilikuwa kimekwisha. Kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka kusema, nilisema mimi, nikiwa bado juu ya mizani kama sanamu ya mtu asiyestahili sanamu.

"Mama, aliangushwa Dagoretti. Alipozinduka hakujua jina lake. Alidhani yuko sokoni anangoja lori."

Mama yule hakupiga kelele. Aliweka begi chini, akamwendea mwanawe, na kwa kuwa alikuwa mfupi alimvuta ainame. Akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, akakipapasa nyuma, na juu, na kando ya masikio, polepole, kama anayetafuta mahali palipopasuka.

"Vaa shati," akamwambia. "Twende nyumbani."

"Mathe, hii ni kazi. Hii ni kazi ya kuandikwa!"

"Nimesema vaa shati."

Alivaa, vifungo vikimshinda. Alipopita karibu nami machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Umenimaliza," akasema. "Ujue umenimaliza wewe."

Nilishuka kwenye mizani baada ya wao kutoka. Nikakaa kwenye kiti changu, nikaita mtu aliyefuata kwenye foleni. Mchujo uliendelea. Yule kijana wa vichinjioni, msoma mizani, alishinda mapambano yake yote, maafande wakamwandika. Nasikia sasa ni sajini. Tukikutana ananipigia saluti, na najua anachokikumbuka.

Bwana Karanja hakusema nami kwa miezi. Akitaka barua ipigwe chapa alimtuma mlinzi, na mimi nikijibu nilijibu kupitia kwa mlinzi, hadi mlinzi akawa ndiye anayejua mambo ya chama kuliko sisi wote. Vilabuni walisema ndondi za magharibi zinaendeshwa na mama mwoga. Sikuweza kubisha kwa sababu ilikuwa kweli.

Nilimngoja Bwana Salim arudi, maana huyo angalau angenisifu. Alirudi, akasikiliza kisa chote tangu mwanzo hadi mwisho, akikuna masharubu.

"Na mizani?" akauliza.

"Mizani imefanya nini?"

Akainuka akaleta bandali la unga, akalipandisha, akatazama mshale, akalishusha, akalipandisha tena. "Alhamdulillahi," akasema. "Springi haijalegea." Hayo ndiyo yote niliyopata.

Sasa sikilizeni sehemu isiyopendeza. Wiki chache baadaye Kevo alikwenda kupigana katika ukumbi wa burudani ambao hakuna chama wala daktari anayeukanyaga. Akashinda. Akanitumia picha kwenye simu, ameinua kikombe, anacheka, na chini yake maneno mawili: *Mimi, mzima.*

Niliitazama picha ile siku nyingi. Yeye alikuwa na kikombe, na mimi nilikuwa na nini? Ukimzuia mtu asitumbukie shimoni, huna shimo la kumwonyesha. Huenda kweli angepigana siku ile Kangemi akashinda, akaandikwa, mama yake akaacha kuchuuza mvuani. Huenda yeye ndiye angekuwa sajini leo. Nimelifikiria hilo nikipanda zile ngazi za ofisi miaka yote iliyobaki, na nawaambia wazi sijapata jawabu. Atakayewaambia kwamba kazi hii inalipa kwa dhamiri safi hajawahi kuifanya.

Muda ulipotimia Kevo alirudi, kwa kuwa mama yake alimleta. Daktari Mehta akampima, akasema ndiyo. Alipigana chini yetu miaka kadhaa. Hakunisalimu hata mara moja. Alipanda mizani, akatazama ukuta, akashuka. Nafasi ya askari haikuja tena. Kila mwaka palikuwa na aliye mdogo kuliko yeye, na magoti yake yalianza kumsumbua. Siku moja hakuja mazoezini, na hakurudi.

Mwezi uliopita, juma la kwanza la kustaafu kwangu, nilikwenda sokoni Kangemi kununua kabeji kwa sababu sikujua mtu aliyestaafu anafanya nini kingine asubuhi. Nilikuwa nabonyeza moja nikasikia sauti nyuma yangu.

"Hiyo ni laini. Chukua ile."

Alikuwa Kevo. Amejaza mwili, ndevu zina mvi mbili tatu, na ndiye sasa anayewasimamia wapakuaji wote wa soko lile. Nikamwamkia. Hakuitikia salamu.

"Mimi bado niko na hasira na wewe," akasema.

"Sawa, Kevo."

"Si sawa. Ngoja nikwambie." Akaanza. Alichukua kabeji zangu, akazitia kwenye gunia, akalibeba begani, tukawa tunatembea kuelekea barabarani huku ananihesabia. Alianza na siku ya Dagoretti, raundi gani, ngumi ipi aliiona inakuja na ipi hakuiona. Akanieleza Daktari Mehta alivaa mtandio wa rangi gani hospitalini, na mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa akiitwaje. Akaja siku ya mchujo: maafande watatu, yule wa katikati mwenye kovu shavuni, mabango, mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, mama yake alikuwa na viatu vyeusi vya kuazima. Akasema alichosema Karanja, neno kwa neno. Akasema nilichosema mimi, neno kwa neno, na sauti yangu akaiigiza. Hakukwama mahali popote. Hakurudia jambo mara mbili jinsi Ochieng' alivyorudia jina lake. Mfanyakazi wake mmoja alimwita, akamjibu kwa jina, akamwambia lori la pili lisimamishwe upande wa kule, kisha akarudi kwenye hasira yake pale pale alipokuwa ameiachia, bila kukosa hatua.

Barabara ilikuwa karibu. Nilipunguza mwendo, nikajifanya kiatu kinanibana, ili amalize.